Ukikataa uhamisho, usikae kimya

Ni nadra mtu kufukuzwa kazi kwa sababu tu amekataa uhamisho. Kinachofukuzisha watu ni kutoripoti. Naliweka hili mwanzo kabisa kwa sababu wengi wanaonitafuta kuomba ushauri wanakuwa wameshakaa nyumbani siku kadhaa, barua ya uhamisho iko kwenye mkoba, simu za ofisini hawapokei, na wanaamini kwamba kule kutokwenda ndiko kujibu. Mwajiri naye anahesabu siku. Ukilifungua faili lao, hutakuta mahali pameandikwa "amekataa uhamisho kwa sababu hizi na hizi". Utakuta neno moja tu: mtoro.

Mimi nimekaa pande zote mbili za meza. Nilikataa kuhamia Dodoma nikiwa mhasibu wa kampuni moja ya usambazaji Dar es Salaam, kisha miaka ya baadaye nikafanya kazi idara ya rasilimali watu (HR) kwa mwajiri mwingine, nikawa mimi ndiye ninayechapa barua za kuhamisha wenzangu. Nitakayoyasema ni ya Tanzania zaidi. Wa Kenya nitawagusia kidogo huko mbele.

Dodoma ilivyotufikia

Waliokuwa kazini mwaka 2016 wanakumbuka. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwepo tangu 1973, na watu wa Dar walikuwa wameshauzoea kama tangazo la redio lisilowahusu. Julai 2016 Rais Magufuli akasema serikali inahamia kweli. Septemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Majaliwa akawa ameshahamia, wizara zikaanza kufuata kwa awamu, na Rais mwenyewe akahamia Oktoba 2019. Habari za watumishi wa umma waliofungasha virago ziliandikwa sana. Sisi wa kampuni binafsi hatukuandikwa, ila tulihamishwa vilevile. Kampuni yetu ilikuwa inauza vifaa vya ofisi na mteja wake mkubwa alikuwa serikali. Mteja akihama, duka linamfuata.

Tuliitwa kwenye kikao watu wa mauzo na uhasibu. Kulikuwa na chai na maandazi, na hiyo peke yake ilitosha kutushtua, maana kampuni ile haikuwa na desturi ya kutununulia mtu hata maji. Bosi akasema, "Ndugu zangu, hii ni fursa." Halafu tukagawiwa barua. Yangu ilisema ofisi ya mauzo ya serikali inahamia Dodoma, nami nimeteuliwa kuwa huko, niripoti tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Kuhusu nauli, mizigo, au nitalala wapi wiki ya kwanza, hakukuwa na mstari hata mmoja. Chini palikuwa na sehemu ya kusaini, juu yake pamechapwa: "Nimesoma na nimekubali."

Nilichukua kalamu nikapiga mstari kwenye "nimekubali", nikaandika pembeni: "Nimepokea. Nitajibu kwa maandishi." Nikasaini, nikaweka tarehe. Binti wa HR akainua macho.

"Dada, hiyo fomu hatubadilishi."

"Sijabadilisha, mdogo wangu. Nimepokea barua yako vizuri kabisa. Kukubali ndiyo bado."

Akaenda kumuuliza bosi wake, akarudi, akaipokea hivyohivyo. Kitendo kile ni kidogo, lakini kama kuna jambo moja nataka ulichukue kwenye makala hii ni hilo. Saini ya kupokea na saini ya kukubali ni vitu viwili, na hakuna sheria inayokulazimisha uviunganishe kwa sababu tu aliyechapa fomu ameviunganisha. Toa nakala yako kabla hujatoka ofisini. Piga hata picha kwa simu.

Kwanza jua umepewa nini: ombi au agizo

Watu husema "nimepewa uhamisho" kwa mambo mawili tofauti. Kuna mwajiri anayekuuliza kama ungependa kwenda Mwanza kufungua tawi. Hilo ni ombi, na ukisema hapana kwa adabu, kisheria hujavunja kitu. Kuna mwajiri anayekuambia umehamishiwa Mwanza, ripoti Jumatatu. Hilo ni agizo. Kama ana haki ya kulitoa au hana, jibu liko kwenye mkataba wako.

Utoe huo mkataba, usome upya, hasa ukurasa ambao siku unaajiriwa uliuruka kwa furaha. Tafuta maneno kama "utafanya kazi mahali popote Tanzania mwajiri atakapokupangia". Mikataba ya mabenki na kampuni zenye matawi mikoani karibu yote inayo. Kama ipo na umesaini, uliikubali safari kabla hujajua unakwenda wapi, na kukataa moja kwa moja kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kukaidi maelekezo halali ya kazi. Hapo nguvu yako haiko kwenye kukataa. Iko kwenye kudai utaratibu: muda wa kujiandaa, gharama, na kusikilizwa kama una sababu nzito. Kifungu kile hakimpi mwajiri ruhusa ya kukuhamisha kesho asubuhi bila senti kwa sababu mmegombana leo jioni.

Kama mkataba unataja kituo kimoja tu, tuseme Dar es Salaam, na hausemi kitu kuhusu kuhamishwa, mambo yanageuka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mahali pa kazi paandikwe, na yakibadilika mambo yaliyoandikwa, mwajiri anatakiwa kuyarekebisha kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Kushauriana maana yake mmekaa mkaongea. Kikao cha chai na maandazi ambako uamuzi umeshachapwa si kushauriana.

Na asiye na mkataba wa maandishi kabisa? Wako wengi, na hudhani hawana chao. Sheria hiyohiyo inasema mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa la ajira ni wake. Kwa hiyo usitishike.

Kinachofuata ukishasema hapana

Mara nyingi, mwanzoni hakuna kinachotokea, na watu hawaamini hivyo mpaka yawakute. Unasubiri radi, unaona kimya. Mwajiri anatafuta mwingine wa kwenda, wewe unaendelea kukaa kwenye kiti chako, mshahara unaingia. Mimi nilibaki Dar kwa mshahara uleule.

Halafu mambo yanaanza kupungua taratibu. Ripoti niliyokuwa naiandaa kila mwezi ikaanza kuandaliwa Dodoma. Kwenye vikao nikawa naalikwa kwa mwaliko wa dakika za mwisho. Nafasi ya uhasibu mkuu ilipotoka, akapewa mwenzangu aliyehama, na sikuona ajabu. Yeye alikuwa anaamka alfajiri ya Jumatatu kule Dodoma kupokea malori huku watoto wake wakiwa Tabata na mama yao, akirudi kwa basi kila baada ya wiki mbili. Enzi hizo hakukuwa na treni ya SGR ya kukufikisha Dodoma. Hiyo imekuja 2024. Alistahili. Ukikataa kwenda, usiwe na kinyongo na aliyekwenda akipanda.

Huko ndiko kukataa kwingi kunakoishia: kazi unayo, ila ngazi imeondolewa. Kwa mwenye miaka 29 hilo ni jambo kubwa. Kwa mwenye miaka 51 anayemalizia nyumba yake Kibaha pengine si jambo kabisa, na mimi simlaumu.

Wengine hali huwa ngumu zaidi. Wanaondolewa meza, wanapewa kazi isiyo yao, wanaandikiwa barua za onyo kwa vitu ambavyo jana havikuwa kosa. Lengo ni wachoke waondoke wenyewe. Sheria inalitambua hilo: mwajiri akiifanya kazi isivumilike mpaka mfanyakazi akaacha, kuacha huko kunaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Ila kulithibitisha ni kazi, tena kazi ya karatasi. Tunza kila barua, kila ujumbe wa WhatsApp wa bosi, kila tarehe. Na ulalamike ndani kwa maandishi kwanza, usiache kazi kwa hasira ya siku moja.

Kuna na njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyonikuta mimi mwisho wa yote: nafasi yenyewe inafutwa. Kama ofisi nzima imehama, au kazi uliyokuwa unafanya haipo tena ulipo, mwajiri anaweza kukupunguza kwa sababu za kiuendeshaji. Hapo kuna utaratibu wake: anatoa taarifa ya kusudio, anaeleza sababu, mnajadiliana namna ya kuepuka au kupunguza makali, na kama kuna chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa kazini, kama TUICO kwa sisi wa viwanda na biashara, nacho kinakaa mezani. Baada ya hapo ndiyo notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28.

Kiinua mgongo, na mtego wake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hela ilipo.

Ukiachishwa kazi na umetumikia miezi 12 mfululizo au zaidi, sheria inakupa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa hiyo mwenye miaka 10 na mwenye miaka 22, kwa kiwango cha chini cha sheria, wote wanapata siku 70. Tuchukue mfano. Mshahara wa msingi ni shilingi 1,300,000 kwa mwezi na unafanya kazi siku 6 kwa wiki. Siku moja inakuja karibu na shilingi 50,000. Umefanya kazi miaka 9: mara 7, mara 50,000, ni shilingi 3,150,000. Si hela ya kujengea, lakini ni ada za watoto na kodi ya nyumba wakati unatafuta kwingine.

Sasa mtego. Sheria inasema aliyepunguzwa kazi kwa sababu za kiuendeshaji hapati kiinua mgongo ikiwa alikataa kazi mbadala bila sababu ya msingi. Uisome tena hiyo sentensi ukiwa na barua ya uhamisho mkononi. Mwajiri mjanja akitaka kuokoa hela atasema: tulimpa kazi Dodoma, akaikataa mwenyewe, hana anachotudai. Na kwangu walijaribu. Kwenye kikao cha majadiliano mwanasheria wao aliliweka jambo hilo mezani kwa sauti ya upole kabisa, kama anayenikumbusha nisisahau mwavuli.

Neno linalobeba kila kitu pale ni "sababu ya msingi". Mwanangu wa pili ana selimundu, kliniki yake ilikuwa Muhimbili. Mkubwa alikuwa Kidato cha Nne, ameshasajiliwa na NECTA, baraza la mitihani, na mtahiniwa aliyesajiliwa kituo fulani huwezi kumng'oa kama mche wa mchicha ukampandikize mkoa mwingine. Yote hayo nilikuwa nimeyaandika kwenye barua yangu ya kujibu, wiki ileile niliyopokea uhamisho, nimeambatisha barua ya daktari. Walikuwa wamenijibu wakati ule kwamba Dodoma nako kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambayo ni kweli na ni hospitali nzuri. Lakini barua ya daktari ilieleza kwa nini mtoto yule, kwa hali yake wakati ule, asihamishwe mikono ya wanaomtibu. Mwanasheria akaisoma, akaipindua, akaangalia muhuri wa "IMEPOKELEWA" na tarehe. Kiinua mgongo nikalipwa.

Mwenzetu mmoja wa stoo alikuwa na sababu nzito kuliko yangu, anamuuguza mama yake aliyepooza. Aliisema kwa mdomo, kwa bosi, koridoni. Bosi akamwambia "nimekuelewa kaka, usijali." Ilipofika tarehe ya kuripoti, hakwenda Dodoma wala hakuja ofisi ya Dar, kwa kuwa aliamini wameelewana. Bosi yule naye akahamia kampuni nyingine. Aliyekuja hakuwa na habari ya mama wala koridoni. Alikuwa na orodha ya mahudhurio. Mwongozo wa kanuni za ajira za mwaka 2007 unaihesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa zaidi ya siku 5 za kazi kuwa ni kosa kubwa, na anayeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hana kiinua mgongo. Sababu ya msingi alikuwa nayo. Haikuwa imeandikwa popote.

Ndiyo maana nasema: ukikataa, endelea kuripoti kituo chako cha zamani kila siku, saini kitabu cha mahudhurio, mpaka upewe jibu la maandishi. Wakikuzuia getini, muombe mlinzi aandike kwenye kitabu chake kwamba ulifika, kisha tuma barua pepe siku hiyohiyo useme nimefika saa fulani nikazuiwa.

"Andika tu barua ya kuacha, tutakuona"

Hii sentensi niliisikia nikiwa mfanyakazi, na nikiwa HR niliambiwa niwaambie watu. Nilikataa kuisema, ila najua wanaoisema. Inakuja kwa sauti ya kirafiki: "Dada, mambo yasiwe marefu, andika wewe barua ya kuacha kazi, sisi tutakulipa vizuri na barua ya utambulisho tutakupa nzuri." Ukishaandika umejiuzulu. Huna madai ya kuachishwa isivyo halali mpaka uthibitishe ulilazimishwa. Na hata fao la kukosa ajira la NSSF halimhusu aliyejiuzulu mwenyewe. Ni la aliyepoteza kazi.

Kama kweli mnataka kuachana kwa amani, kuna kuachana kwa makubaliano. Hayo ni makubaliano ya maandishi ya pande mbili, yenye kiasi na tarehe ya kulipwa. Ukifika kwenye mstari unaosema "sina madai mengine yoyote", simama hapo kwanza uhesabu: likizo ambazo hukwenda, mshahara wa siku ulizofanya kazi, notisi, kiinua mgongo, michango ya NSSF kama imepelekwa yote. Ukisaini mstari huo umefunga mlango na funguo umewapa wao.

Wenye mikopo ya mishahara waangalie pia kama mkopo una bima ya kupunguzwa kazi. Baadhi ya mikopo inayo, na mara nyingi bima hizo nazo hazimlipii aliyeacha mwenyewe.

Mtumishi wa umma, wako ni mwingine

Kwa mwalimu, nesi, afisa kilimo au karani wa wizara, uhamisho ni sehemu ya ajira yenyewe. Uliajiriwa na serikali, hukuajiriwa na Temeke. Kwa hiyo nafasi ya kusema "sitaki" ni finyu sana, na wanaojaribu kuigomea barua ya uhamisho huishia kusimamishiwa mshahara na kufunguliwa mashtaka ya utoro. Nafasi uliyonayo ni ya kuomba: kuahirishiwa, kufikiriwa upya, kwa ugonjwa wenye uthibitisho, kwa kufuata mwenza, au kubadilishana kituo na mwenzako wa kada yako anayetaka kuja uliko. Barua inapita kwa mkuu wako wa idara kwenda kwa mwajiri. Usiruke ngazi, hata kama una shemeji wizarani.

Silaha nzito ya mtumishi wa umma ni stahiki. Ukihamishwa na mwajiri, si kwa ombi lako, una nauli yako na ya familia, gharama za mizigo, posho ya kujikimu na posho ya usumbufu. Viongozi wamekuwa wakirudia majukwaani kwamba mtumishi asihamishwe kama fedha za kumhamisha hazipo, na bado watu wanahamishwa kisha wanakaa na madai miaka. Ukipewa barua, jibu kwa maandishi kwamba umepokea, uko tayari kutekeleza, na unaomba malipo ya stahiki zako ili uweze kuripoti. Lugha hiyo haimgomei mtu. Wengi niliowashauri waandike hivyo walishangaa uhamisho wenyewe ukipoa, hasa ule uhamisho unaotolewa kwa ajili ya kukomoana. Kumkomoa mtu bure ni rahisi, kumkomoa kwa gharama ya fungu la idara kunamfanya mtu afikirie.

Jambo moja watumishi wa umma hulikosa: hawaanzii Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inakopelekwa migogoro ya kazi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma lazima amalize kwanza njia za rufaa zilizomo kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kwenda kwenye vyombo vya sheria za kazi. Nimeona watu wakipoteza mwaka mzima kwa kubisha mlango usio wao.

Barua yenyewe

Isizidi ukurasa mmoja. Usiweke hasira, usimtaje bosi kwa ubaya, usiseme "sheria inanilinda". Ya kwangu ilikuwa karibu na hivi:

"Rejea barua yako ya tarehe tajwa hapo juu kuhusu uhamisho wangu kwenda ofisi ya Dodoma. Nashukuru kwa kuniamini. Kwa sababu nilizoambatisha, za matibabu ya mtoto na mtihani wa kidato cha nne wa mwingine, sitaweza kuhamia Dodoma kwa tarehe iliyotajwa. Napendekeza niendelee kuhudumia hesabu za ofisi hiyo nikiwa Dar es Salaam, na kwenda Dodoma kila mwisho wa mwezi kufunga hesabu. Niko tayari kukaa na uongozi kulijadili. Wakati nasubiri majibu yako, nitaendelea kuripoti kazini katika kituo changu cha sasa kama kawaida."

Pendekezo lile la kwenda kila mwisho wa mwezi hawakulikubali, na sikutarajia walikubali. Lilikuwepo ili mtu yeyote atakayelisoma faili lile baadaye aone nani alikuwa anatafuta njia. Ile sentensi ya mwisho usiiache kamwe. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo, au isainiwe kwenye kitabu cha dispachi. Barua pepe peke yake inatosha kisheria mara nyingi, lakini ofisi zetu zinaheshimu muhuri.

Na kabla hujaandika hapana, jiulize kama unachokataa ni Dodoma au ni masharti. Watu wengi wanakataa mji kumbe wanakataa kwenda bila hela. Mwenye nyumba kule anataka kodi ya miezi 6 mkononi, mizigo ni lori, shule ni sare mpya, na kama ofisi iko Mtumba na umepata chumba Nkuhungu, nauli ya kila siku ni habari nyingine. Yaweke yote kwenye karatasi uombe. Akikubali, na ukaamua kwenda, hakikisha mkataba uliorekebishwa unaendelea kutaja mahali ulipoajiriwa kuwa Dar es Salaam. Sheria inamtaka mwajiri anayekuachishia mahali tofauti na ulipoajiriwa akusafirishe wewe na mizigo yako hadi ulipoajiriwa, au akulipe gharama hizo, pamoja na gharama za kujikimu za kila siku mpaka atakapokusafirisha. Wakibadilisha sehemu hiyo ikasomeka Dodoma, siku wakikuachisha lori la kurudi ni lako.

Kwa ndugu zangu wa Kenya: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inataka mabadiliko ya masharti yafanyike kwa kushauriana na mfanyakazi, na ukipunguzwa kazi kiwango cha chini ni mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mengine ya kule muulizeni wakili wa kule, msije mkanitupia lawama.

Mwisho ni muda. Kwa wa sekta binafsi hapa Tanzania, ukiachishwa kazi una siku 30 tu tangu tarehe ya kuachishwa kupeleka mgogoro CMA. Migogoro mingine, kama vile kudai stahiki ukiwa bado kazini, ni siku 60. Siku hizo zinahesabiwa na Jumapili zake na sikukuu zake. Hazisimami kwa sababu HR amekuahidi kukupigia wiki ijayo, wala kwa sababu mnaendelea kujadiliana, wala kwa sababu kaka yako anamfahamu mkurugenzi. Jaza fomu namba 1 ya CMA, mpelekee mwajiri nakala yake, pata uthibitisho kwamba ameipokea, kisha ukaifungue ofisi ya CMA ya eneo lako. Majadiliano yanaweza kuendelea hukohuko mbele ya msuluhishi, na kwa kweli mengi huishia hapohapo.